Uliza Fundi wa Baiskeli: Inalia viungoni, mafuta hayasaidii

SWALI

Shikamoo fundi. Mimi niko Malindi mtaa wa Barani, nina baiskeli ya milimani yenye shoki mbele na nyuma, niliinunua ya mtumba miaka mitatu iliyopita ikiwa nzuri kabisa. Kila siku naenda nayo kazini njia ya Casuarina pale kandokando ya bahari, na Jumapili na wenzangu tunateremka Gede tunaingia zile njia za msitu wa Arabuko-Sokoke, au tukiwa na nguvu tunakwenda mpaka Marafa. Sasa tangu kusi ianze imeanza kulia, kwiii-kwaa, kila nikikanyaga pedeli na kila nikipita shimo, mwanzo ilikuwa kidogo lakini sa hii hata watu barabarani wanageuka. Nimeipiga mafuta kila mahali, inanyamaza siku mbili inarudi vilevile. Nikishika gurudumu la nyuma nikalitikisa kushoto kulia nasikia tk tk. Kuna fundi mmoja aliniambia ni beringi za kwenye viungo vya fremu, akataka kuzitoa kwa nyundo na patasi, nikamwambia ngoja kwanza. Je ni kweli ni beringi? Naweza kubadilisha mwenyewe? Na nazipata wapi, manake duka la baiskeli wamesema hawana, niagize Nairobi.

Msomaji, Barani, Malindi

JIBU

Marahaba kijana wangu. Umefanya jambo la maana sana kumwambia yule fundi angoje. Fremu ya alumini ukishaigonga lile tundu la beringi likawa kama yai halirudi tena kuwa duara, na tundu likiharibika hakuna beringi itakayotulia humo, hata ununue ya bei gani. Beringi inabadilishwa, fremu haibadilishwi, kwa hivo kila nitakachokwambia hapa chini lengo lake ni kulinda lile tundu.

Kabla hujafungua chochote hebu tuhakikishe. Fremu ni mabomba matupu, ni kama ngoma, inapigwa huku inasikika kule. Nshawahi kuletewa baiskeli mwenyewe anaapa kabisa ni viungo vya nyuma, nikafungua vyote nikasafisha nikarudisha, jioni nzima imekwenda, akapanda ikalia vilevile. Ilikuwa nguzo ya kiti, imeingia mchanga pale inapozama kwenye fremu. Tangu siku hiyo sigusi kiungo mpaka nimeyaondoa mengine kwanza. Endesha ukiwa umesimama usikalie kiti, ikinyamaza basi ni kiti au nguzo yake. Iache iteremke mlima bila kukanyaga, ikinyamaza angalia pedeli, kranki (ule mkono unaobeba pedeli) na ekseli ya kati. Lakini ikilia hata wewe ukiwa chini, unakandamiza kiti tu kwa mikono miwili, basi uko kwenye viungo au kwenye shoki yenyewe.

Na wewe umenipa dalili kubwa zaidi, ile tk tk. Ila nayo ina njia mbili, inaweza kuwa ni kiungo na inaweza kuwa ni habu, kile kitovu cha gurudumu. Shika gurudumu kwa mkono mmoja, mkono wa pili weka vidole pale fremu ya nyuma inapokutana na ya mbele, kidole kimoja upande huu kimoja upande ule, halafu tikisa. Kiungo kikiwa kinacheza utahisi vile vipande viwili vinapishana chini ya vidole, jicho halitaona lakini kidole kitajua. Fremu ikitulia na gurudumu peke yake linacheza, ni habu, na hiyo ni kazi nyingine. Anza na kiungo kikubwa kile cha chini karibu na kranki, ndicho kinachorushiwa maji na mchanga wote wa tairi, mara nyingi hicho ndo hufa kwanza.

Kipimo cha kumaliza ubishi ni hiki. Toa bolti moja tu ya shoki ya nyuma, upande mmoja. Huna haja ya kutoa upepo, na nakuomba sana usifungue ule mkebe wa shoki ukiwa na upepo ndani, unaruka kama risasi na unaweza kukuumiza uso. Bolti ikitoka fremu ya nyuma inabaki huru, iinue na uishushe taratibu kwa mkono. Viungo vizima vinateremka laini kwa uzito wao wenyewe, husikii kitu. Kibovu utakihisi kinakwama kinaachia, kinakwama kinaachia, kama unageuza ufunguo kwenye kufuli lililoingia mchanga. Hapohapo angalia na zile bushi ndogo, vile vibomba vinavyopita bolti kwenye masikio ya shoki, zikilika nazo hulia na hucheza, usije ukabadilisha beringi zote kumbe ilikuwa bushi.

Sasa kwa nini mafuta hayasaidii. Hapa nataka unisikilize vizuri, manake wengi wanaua viungo vyao kwa kudhani wanavitunza. Beringi ya gurudumu inazunguka, gololi zinapita njia nzima na zinaitembeza grisi kila mahali. Ya kiungo haizunguki hata siku moja, inatikisika nyuzi chache tu, huku na huku, huku na huku, miaka nenda miaka rudi. Gololi zinakaa palepale, uzito wako na kila shimo la njia ya Gede vinapigwa palepale, grisi inasukumwa pembeni na hakuna wa kuirudisha, na ile njia ya chuma inaanza kuchimbika vishimo vidogo, kila gololi na kishimo chake. Ongeza hewa yetu. Wakati wa kusi upepo unatoka baharini moja kwa moja na ile njia yako ya Casuarina unaoga chumvi asubuhi na jioni bila kujua. Chumvi ikipita ule mpira wa pembeni unaoziba beringi ikakutana na unyevu, beringi ni chuma na fremu ni alumini, metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi alumini inaliwa, ndo ule unga mweupe unaouona kwenye viungo.

Nilifungua moja karibuni, ya kiungo cha chini, nikauinua ule mpira kwa ncha ya sindano. Kilichotoka ndani hakikuwa grisi, kilikuwa uji wa rangi ya chai kavu, na gololi za upande wa chini zimegandana na kutu zote wakati za juu bado zinang'aa kama mpya. Maji yalikaa chini humo wiki hata wiki. Sasa wewe ukipuliza mafuta mepesi yale ya kopo yanapenya, yanayeyusha grisi kidogo iliyokuwa imebaki, unapata kimya siku mbili, yakishakauka ni chuma kinasaga chuma. Kwa hivo kila ulipopuliza ulikuwa unaipunguzia umri. Acha kabisa. Na kama huwa unaipeleka kwa vijana wa kuosha pikipiki na ule mpira wao wa presha, acha na hilo.

Kuhusu wapi pa kupata, usisubiri Nairobi wala duka la baiskeli. Beringi ni beringi, kinachotakiwa ni namba. Futa ule mpira wa pembeni kwa kitambaa utaiona imeandikwa kwa duara. Ukikuta 6902 ni milimita 15 tundu la ndani, 28 nje, upana 7. Ukikuta 6802 ndani ni 15 vilevile lakini nje ni 24 na upana 5, kwa hivo usimwambie muuzaji "nataka ya kumi na tano" ukaondoka na isiyo yako. 6900 ni 10 kwa 22 kwa 6. 608 ni 8 kwa 22 kwa 7, ile ya viatu vya magurudumu vya watoto. Zile tarakimu mbili za mwisho kwenye namba kama hizi za nne ndo tundu la ndani: 00 ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17. Na mara nyingine utakuta 61902 badala ya 6902, usitishike, ni ileile, ni namna nyingine ya kuandika. Namba ikiwa imefutika kabisa pima kwa venia (ile rula ya kubana inayosoma milimita), ndani, nje, upana, andika kwenye karatasi.

Mwishoni pa namba tafuta 2RS, maana yake mpira pande zote mbili. Ukipewa ZZ rudisha, hizo zimefunikwa kwa bati, bati linaacha nafasi na vumbi na chumvi vinaingia. Kuna nyingine zimeandikwa MAX, hizo ndani hazina kile kishikio cha kutenganisha gololi, gololi zimejazwa mpaka mwisho, ni nyingi zaidi na zinabeba uzito zaidi. Kwa kitu kinachozunguka kasi hazifai sana lakini kwa kiungo kinachotikisika tu ndo zenyewe hasa, na baiskeli nyingi nzuri zimetoka kiwandani nazo. Ukizikosa weka za kawaida 2RS, zitafanya kazi, ila zitaisha mapema kidogo. Nenda maduka ya spea za pikipiki, nenda kwa wanaotengeneza pampu za maji na mota za umeme, na zikikosekana Malindi mpigie wa Mombasa mwenye duka la beringi umpe namba, atakufungia kwenye basi jioni unazipokea. Nunua zote za nyuma kwa pamoja, usibadilishe mbili ukaacha nne, manake zimekula chumvi ileile na kufungua ni kazi ileile. Na ukikuta moja imeandikwa jina kubwa la kampuni na inauzwa bei ya andazi, iache hapo, beringi bandia zipo nyingi.

Haya, kutoa. Piga picha kila upande kabla ya kufungua, hasa zile pete nyembamba na washa zilikaa wapi, moja ikirudi vibaya kiungo kinabana au kinalia upya. Kisha tafuta studi ya M8, yaani chuma chenye nyuzi urefu wote unene wa milimita 8, urefu wa shibiri, nati mbili, washa nene, na soketi mbili. Soketi moja kubwa, mdomo wake beringi iweze kuingia ndani bila kugusa, hiyo inaegemea fremu upande ambao beringi inatokea. Ya pili ndogo, nje yake ipite kwenye tundu la fremu bila kukwaruza, hiyo inasukuma beringi kwa nyuma. Usiangalie namba ya soketi, ile ni ya kichwa cha bolti, pima unene wake wa nje kwa venia. Studi inapita katikati ya vyote, unakaza nati kwa spana na beringi inatembea taratibu mpaka inaingia kwenye soketi kubwa. Utasikia tak moja mwanzoni inapoachia, usiogope, ni ile kutu inavunjika.

Ikikataa usiongeze nguvu, ongeza joto. Alumini inapanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lilelile, kwa hivo chovya kitambaa kwenye maji yanayochemka kizungushe pale kwenye kiungo dakika chache, tundu linapanuka kuliko beringi. Hii ni kwa alumini tu, fremu ya kaboni usiitie moto wala maji ya kuchemka. Na kama beringi imekaa kwenye tundu lisilotokea upande wa pili, huna pa kusukumia, tafuta bolti ya ukutani ile inayopanuka ukiikaza, saizi inayoingia kwenye tundu la beringi, ikaze humo ndani mpaka ishike, halafu ivute. Beringi ya zamani hata ikivunjika si neno, unaitupa.

Tundu likiwa wazi lisafishe vizuri kuliko unavyodhani inahitajika. Spiriti na kitambaa, ule unga mweupe ukwangue kwa kijiti au kwa plastiki, usitumie msasa, msasa unapanua tundu. Pitisha kidole mzunguko mzima, kidole kinaona chembe ambayo jicho halioni. Paka grisi nyembamba kabisa ukutani mwa tundu, hiyo ndo kinga yako kati ya chuma na alumini.

Beringi mpya zifunge kwenye karatasi ziweke friza usiku kucha, asubuhi zimesinyaa kidogo, zitaingia kwa adabu. Kupachika ni vile vile kwa studi na nati, lakini hapa pana sharti moja tu ambalo halina msamaha: sukuma pete ya nje peke yake. Miaka ya nyuma nilipachika mbili mpya kwa kusukuma pete ya ndani, sikuwa na soketi ya kipimo nikaona zitafika tu. Zilifika. Wiki ya pili mwenyewe akarudi zinakwaruza, manake nguvu yote ilipita kwenye gololi ikachimba vishimo kabla beringi haijaona hata barabara. Nikazitoa nikanunua nyingine kwa pesa yangu, na mpaka leo nikipachika beringi naiangalia mara mbili ile soketi imegusa wapi. Njia nzuri ya bure ni kutumia beringi ya zamani ya saizi ileile: isage pande za nje kwa grainda mpaka iwe inaingia na kutoka kwenye tundu kwa kidole bila kukwama, ndo inakuwa kisukumio chako, inagusa pete ya nje barabara. Ianze sawa, isilale upande. Ukiona imeinama simama, itoe uanze tena.

Ikiwa beringi mpya inaingia kwa kidole bila kusukumwa, hapo tundu limeshapanuka. Likiwa limepanuka kidogo tu kuna gundi ya kijani ya kushikilia beringi, safisha grisi yote, ipake, pachika, iache usiku mzima. Likiwa limepanuka mpaka beringi inacheza, niandikie tena, usiendeshe.

Kukaza ndipo wengi wanapoharibu kazi nzuri. Kwenye bolti au kwenye fremu pameandikwa namba na herufi Nm, tuseme 10 Nm, hicho ndo kipimo cha kukaza. Ukiwa na spana ya kupimia, vizuri. Ukiwa huna, azima ile mizani ya kuning'iniza wanayopimia samaki. Shika spana ya soketi yenye mkono mrefu, pima sentimita 20 kutoka katikati ya bolti, funga kamba hapo, tia ndoano ya mizani uvute kwa pembe mraba, yaani mizani na mkono wa spana vifanye kona kama ya dirisha. Kwa 10 Nm vuta mpaka mizani isome kilo 5. Kwa 12 Nm ni kilo 6, kwa 14 ni kilo 7 na kidogo. Nimewaonyesha vijana wengi hii njia na haijanitupa. Kwenye nyuzi za bolti tia tone moja la gundi ya bluu ya kushikilia nyuzi, usitie ile nyekundu, hiyo hutaifungua tena bila moto. Shoki usiirudishe kwanza, ipandishe na uishushe ile fremu ya nyuma kwa mkono tena. Inatakiwa iteremke kimya. Ikibana ukikaza, kuna washa imekaa vibaya, rudi kwenye picha zako. Ukishaendesha safari mbili tatu rudia kupima kukaza.

SWALI

Habari fundi. Niko Watamu, nimefuata maelezo kama hayo yako ila bolti moja ya kiungo imekataa katakata, na lile tundu la pembe sita la kichwani limeshakuwa duara, alenki inazunguka tu. Mume wangu anasema tukate kwa grainda. Unashaurije?

Dada wa Watamu

JIBU

Nzuri dada yangu, mwambie shemeji aiweke grainda pembeni, haijafika huko. Ulipoanza kuona alenki inateleza ndo palikuwa pa kusimama, lakini wengi huendelea, pole. Bolti hiyo haijakazwa sana, imegandana na chumvi na pengine ile gundi ya kiwandani. Gundi inalegea kwa joto, chumvi inalegea kwa mafuta ya kupenya na subira. Kwanza tia mafuta ya kupenya pande zote mbili za bolti, jioni, usiiguse mpaka asubuhi, rudia siku mbili. Hapa ndo mahali pekee mafuta ya kopo yana kazi kwenye kiungo, manake beringi yenyewe unaenda kuitupa.

Halafu tafuta biti ile ya umbo la nyota, saizi moja juu ya lile tundu lako, iketi mdomoni kwa kubana, igonge kwa nyundo ndogo mpaka izame kabisa. Meno ya nyota yanachimba yanapata pa kushika. Huko kugonga kwenyewe kunasaidia kuvunja kutu, ila uweke kipande cha mbao kizito chini ya kiungo upande wa pili ili fremu isibebe pigo. Sasa pasha kichwa cha bolti peke yake kwa ncha ya chuma cha kulehemu mpaka kiwe moto wa kutoshikika, na ukiwa bado moto geuza polepole kwa mkono mrefu. Ikisogea robo mzunguko usishangilie ukaivuta yote, irudishe nyuma kidogo, tia mafuta, endelea mbele, rudi nyuma. Ikikatika kichwa peleka kwa mkereza vyuma aitoboe katikati kwa mashine, hapo usijaribu kwa drili ya mkononi. Bolti mpya yenye saizi na urefu uleule itafute kabla hujaanza kazi, si baada.

SWALI

As-salaam alaykum fundi. Huku kwetu Lamu magari ni ya kuhesabu, wengi ni punda na miguu, lakini mimi nina baiskeli ya shoki mbili naivusha na boti kutoka Mokowe nikitoka safari, na maji yakitoka naendesha ufukweni mpaka Shela mchanga ukiwa mgumu. Sijawahi kuitia baharini. Mbona viungo vimeota kutu mwaka haujaisha?

Mwendesha ufukweni, Lamu

JIBU

Wa alaykum salaam ndugu yangu. Kuitia baharini na kuiendesha pwani maji yakiwa yametoka tofauti yake ni ndogo sana, ule mchanga mgumu ni mgumu kwa sababu umeshiba maji ya bahari, na tairi linayarusha moja kwa moja kwenye kiungo cha chini. Na kwenye boti ikiwa imelazwa upande wa tezi, kule nyuma, inapigwa rasha njia nzima. Mimi kupanda ufukweni sikukatazi, ni raha najua. Ila ukirudi usiku huohuo mwagia maji baridi ya kisima yasiyo na chumvi kwa ndoo na kata, yamwagike tu yenyewe, usipige kwa presha, halafu futa kwa kitambaa na uisimamishe palipo na upepo. Visima vingine vya visiwani vina magadi, yaonje kwanza, yakiwa ya chumvi tumia ya mvua.

Na beringi zikiwa bado hazijaanza kukwama unaweza kuziokoa. Inua ule mpira kwa sindano kutoka ukingo wa ndani, usiukunje, toa grisi ya zamani kwa spiriti, kausha, halafu jaza grisi mpya mpaka itoke kidogo ukirudisha mpira. Beringi ya gurudumu haijazwi hivo, ya kiungo jaza tu, haina kasi ya kupata moto. Na grisi usinunue ya baiskeli, nenda kwa wanaouza spea za injini za boti, waombe ile grisi ya majini. Imetengenezwa isisombwe na maji ya chumvi na huko kwenu kila mvuvi mwenye injini anaijua. Kwa mwendo wako huo fanya hivyo kabla ya kusi kuanza na tena kusi ikiisha.

SWALI

Fundi, nimefungua kiungo sikukuta beringi, nimekuta kibomba cha plastiki kimelika upande. Duka linasema ninunue baiskeli nyingine.

Msomaji, Mambrui

JIBU

Hapana, usinunue. Baiskeli nyingi za bei nafuu zina bushi za plastiki badala ya beringi na si aibu, ni kazi rahisi kuliko hizo zote za juu. Chukua kile kibomba, pamoja na ekseli yake inayopita ndani, upeleke vyote viwili kwa mkereza vyuma, asipime bushi iliyolika apime ekseli na tundu la fremu. Muulize kama ana kipande cha plastiki ile ngumu nyeupe au nyeusi ya viwandani inayoitwa asetali. Nailoni ya kawaida anaweza kuwa nayo tele lakini inafyonza maji ikavimba, na ikivimba kiungo kinabana, asetali haifyonzi sana. Ikikosekana, bronzi, ile shaba ya kutengenezea bushi, nayo ni nzuri, ila itataka grisi mara kwa mara. Mwambie aiache ekseli izunguke humo kwa vidole bila kucheza, na urefu wa bushi upungue ekseli kwa unywele tu ili ukikaza bolti ibane ekseli isibane bushi. Ekseli nayo ikiwa imechimbika mfereji wa kuhisi kwa ukucha akereze na hiyo, manake ukitia bushi mpya kwenye ekseli yenye mfereji utaniandikia tena mwezi ujao.